Uzi: Mgonjwa kafika dharura na malalamiko ya kila siku. Usimpe jina la ugonjwa kabla hujaondoa vinavyoua

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni daktari, zamu zangu ni za Idara ya Magonjwa ya Dharura, EMD, kwenye hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Uzi huu nawaandikia zaidi madaktari wa intern na matabibu wanaoanza kupangiwa dharura. Ndugu wa wagonjwa nao wakae humu, kwa sababu sehemu kubwa ya uchunguzi wetu inategemea maelezo yenu. Nitaweka kwa vipande, mwenye swali asisubiri nimalize.

Homa, tumbo, kifua, kichwa, kukosa pumzi, kuishiwa nguvu. Hayo ndiyo yanayoletwa mlangoni usiku na mchana. Na majibu ya haraka tunayo tayari: malaria, taifodi, UTI, vidonda vya tumbo, presha. Mara nyingine huwa kweli ni hayo. Tatizo ni kwamba jina likishaandikwa kwenye faili halifutiki kirahisi. Wa kwanza kaandika UTI, wa pili kampiga sindano ya UTI, barua ya rufaa inasema UTI sugu, na anayempokea usiku wa manane anaendeleza dozi. Katika wote hao hakuna aliyemlaza mgonjwa akambonyeza tumbo.

Msimamo wangu ni huu. Dharura, swali la kwanza ni: katika vyote vinavyoweza kuleta lalamiko hili, kipi kitamuua mtu huyu leo, na nimekiondoa kwa ushahidi gani? Ukishaondoa vinavyoua na bado hujui anaumwa nini, kazi yako umeifanya. Aende wodini au kliniki akatafutiwe jina kwa utulivu.

Taaluma yenyewe bado changa kwetu. Muhimbili walifungua idara kamili ya dharura Januari 2010, na mwaka huohuo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha palepale Muhimbili, wakaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hii. Baadaye fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zikajenga majengo ya EMD kwenye hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Majengo tunayo. Namna ya kufikiri ndani ya majengo hayo ndiyo hoja yangu.

#2 Mleta uzi

Kabla ya maswali, mwangalie. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, halafu mfunue umwone mwili mzima, mgongo na miguu ikiwemo. Mpangilio huu ndio unaofundishwa kwenye kozi ya msingi ya dharura ya WHO na ICRC (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu) iliyotolewa 2018, na kanuni yake ni moja: ukikuta tatizo kwenye hatua fulani, litibu hapohapo kabla hujasogea mbele.

Kuna jambo linaniuma na nitalisema wazi. Fungua mafaili ya zamu yoyote, angalia mahali pa kuandika upumuaji. Utakuta 20, 20, 18, 20, 20. Hakuna aliyehesabu. Kipimo hiki hakitaki umeme wala mashine, kinataka saa ya mkononi na dakika moja nzima, na mara nyingi ndicho kinachobadilika mapema kuliko vingine mgonjwa anapoanza kuzidiwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayepumua mara 30 huku anaongea vizuri na presha yake iko sawa, huyo tayari yuko hatarini. Shika mkono wake kama unayepima mapigo, uuweke juu ya kifua chake, hesabu bila kumwambia. Akijua unahesabu pumzi atazibadilisha. Mtoto mhesabu akiwa ametulia kwa mama yake, hajalia. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, ni 40 au zaidi.

Ile mashine ya kidoleni inayosoma oksijeni isikupe usingizi. Utafiti wa Marekani uliotoka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi mashine hiyo ilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyoshindwa kwa wazungu. Sisi wote huku ni weusi, kwa hiyo 92 inayoonekana kwenye kioo inaweza kuwa chini ya hapo. Na kwa wenzetu wa pwani: bibi harusi mwenye piko nyeusi kwenye kucha, hamishia mashine kwenye ndewe ya sikio.

Mwisho wa hatua hii, sukari. Yeyote aliyepoteza fahamu, anayechanganyikiwa, anayepata degedege au aliyeishiwa nguvu upande mmoja, mpime sukari kabla hujafikiria kitu kingine.

#3 Sista wa Triaji

Asante daktari kwa kuligusa la pumzi. Mimi nakaa kwenye meza ya kwanza kabisa na nakubaliana na wewe, ila wekeni na watu wa kutosha. Mezani niko peke yangu, watu wamejaa, mashine ya presha ni moja na inazunguka. Dakika moja ya kuhesabu pumzi kwa kila mtu, foleni inafika getini.

Ninachofanya: wote nawapitisha jicho kwanza. Anayeshindwa kumaliza sentensi, anayetoa jasho jingi, aliyepauka, mtoto aliyelegea, mjamzito anayetoka damu au anayelalamika kichwa, hao sihesabu chochote, nawasukuma ndani. Dakika yangu ya kuhesabu nawapa walio katikati, ambao jicho halijaamua.

Na ndugu wa wagonjwa naomba mnielewe. Kwetu foleni haiendi kwa aliyewahi. Nyekundu anaingia sasa hivi, njano anasubiri huku tunamwangalia, kijani anasubiri zaidi. Ukiona mtu kafika baada yako na kapita, usinifokee. Lakini mgonjwa wako akibadilika pale kwenye benchi, kwa mfano kaanza kusinzia au kuhema, njoo uniambie hata mara tano. Rangi hubadilika.

#4 Mleta uzi

Sista umemaliza, hilo la kurudi kupima walio kwenye benchi watu wengi hulisahau.

Sasa homa. Hapa nitakaa sana kwa sababu ndipo tunapopoteza watu kimyakimya.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wakitibiwa malaria kali. Walipopimwa upya kwa hadubini na wataalamu, wenye vimelea kweli walikuwa 2,062, chini ya nusu. Linalotisha zaidi ni vifo: waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9, wasiokuwa navyo walifariki asilimia 12.1. Waliotibiwa malaria ambayo hawana ndio waliokufa zaidi, maana kilichokuwa kinawaua hakikutafutwa.

Utafiti mwingine ulifanyika Moshi, kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi, 2007 hadi 2008. Waliolazwa kwa homa 870, watoto na watu wazima. Madaktari waliandika malaria kwa 528. Vipimo vya uhakika vikaikuta kwa 14. Brusela, leptospira, homa ya Q (hizi tatu hutoka kwa wanyama) na homa zinazoletwa na kupe, kila moja iliwapata watu wengi kuliko malaria, na hakuna hata mmoja katika hao aliyefikiriwa kuwa nazo alipolazwa. Najua Moshi malaria ni chache na Geita au Kigoma ni habari nyingine. Ila hoja inabaki kuwa homa ni mlango tu.

mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikisoma hasi, iamini na uanze kutafuta. Shingo, masikio, kifua, tumbo, mkojo, ngozi yote, viungo. Muulize kama anafuga, kama anakunywa maziwa mabichi, kama amejifungua au ametoa mimba hivi karibuni. Mpime VVU kama hajui hali yake. Mgonjwa aliyelegea, anayepumua haraka, presha ikishuka, huyo anahitaji antibiotiki ya mshipa mapema, damu ya kuotesha bakteria maabara itolewe kwanza kama maabara ina uwezo.

mRDT ikisoma chanya, usifunge faili. Kipimo cha kawaida kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinasoma protini ya kimelea inayobaki kwenye damu. Mtu mwenye mRDT chanya, fahamu hafifu na shingo ngumu apewe artesunate ya malaria na apewe seftriaksoni, antibiotiki, palepale. Homa ya uti wa mgongo haisubiri maji ya uti yatolewe kesho.

Na Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, tuiache. Kipimo kimoja cha Widal kinaonyesha kingamwili, ambazo mtu anaweza kuwa nazo kwa maambukizi ya zamani au ya bakteria wengine. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu. Mtaani kuna watu wana vyeti vya taifodi vya kila mwezi, wamekula siprofloksasini mpaka bakteria wao hawaisikii tena.

#5 Mama Wawili

Daktari samahani, mimi si mtu wa afya. Mwanangu alipata homa kali akalegea, nilipofika hospitali nikawaomba wamtundikie dripu ya maji ashtuke, wakakataa, wakasema watamwekea taratibu sana. Nilikasirika mno siku ile. Zamani mtoto akilegea dripu ilikuwa inakimbizwa. Kwa nini imebadilika?

#6 Mleta uzi

Swali zuri sana, dada, na jibu lake limetoka hukuhuku kwetu. Kuna utafiti ulioitwa FEAST, ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, matokeo yakatoka 2011. Kilifi walikuwemo, Muheza pale Tanga walikuwemo. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu waligawanywa: wengine wakakimbiziwa maji ya mshipa, wengine wakapewa yale ya taratibu tu. Kila mtu alitarajia waliokimbiziwa wapone zaidi. Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki karibu asilimia 10.5 ya waliokimbiziwa, na asilimia 7.3 ya wale wengine. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Mtoto anayeharisha hadi macho yameingia ndani ni suala tofauti, huyo anayahitaji maji na hakuwemo kwenye utafiti ule. Mwanao mwenye homa na kulegea pengine alihitaji sukari, damu, dawa ya malaria au antibiotiki, na maji kidogokidogo. Waliomkatalia walikuwa wanamlinda. Walitakiwa kukueleza, hilo nakubaliana na hasira yako.

#7 Mleta uzi

Kifua.

Huku kwetu bado kuna imani kwamba mshtuko wa moyo ni ugonjwa wa wazungu na matajiri. KCMC walifuatilia wagonjwa 681 waliofika dharura na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakawafanyia wote ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia. Waliokuwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, zaidi ya mmoja kati ya watano. Waliotambuliwa na madaktari waliokuwa wakiwahudumia walikuwa wachache mno. Waliobaki waliandikiwa presha, nimonia, vidonda vya tumbo na mengineyo. Zaidi ya wanne kati ya kila kumi wenye mshtuko huo walikuwa wamefariki ndani ya siku 30.

Ukisubiri mzee ashike kifua upande wa kushoto na aseme maumivu yanashuka mkononi, utawakosa wengi. Mama wa miaka 58 mwenye kisukari atakwambia chembe ya moyo inamuuma, amejaa gesi, ametapika mara mbili, na jasho limemlowesha. Atakuomba omeprazoli. Mpe ECG. Yeyote mwenye umri wa kutosha anayelalamika kifua, chembe, taya, au kuishiwa pumzi ghafla, ECG iwe imeshasomwa ndani ya dakika 10 tangu afike. Ya kwanza ikiwa safi na maumivu yanaendelea, rudia baada ya dakika 15 hadi 30, na troponini irudiwe pia kwa muda uliowekwa na maabara yenu. Kupata nafuu kwa dawa ya vidonda hakuondoi moyo kwenye orodha. Wala kuuma pale unapobonyeza.

Vingine vinavyoua kupitia kifua: damu iliyoganda kukimbilia kwenye mapafu, aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kuchanika ukuta, hewa kujaa nje ya pafu ikalibana, maji kuubana moyo, na umio kutoboka. Hilo la maji kuzunguka moyo msilidharau, kifua kikuu kinalileta sana kwetu. Ukiwa na ultrasaundi unaliona kwa dakika mbili. Aota iliyochanika hujitangaza kwa maumivu makali ya ghafla yanayopenya mgongoni, na presha ya mkono mmoja kutofautiana sana na ya mwingine. Pima mikono yote miwili.

#8 Tabibu wa Kata

Daktari, heshima yako. Ila uzi huu umeandikwa kutoka sehemu yenye umeme. Mimi niko kituo cha afya, ECG hakuna, troponini nimeisoma darasani tu, gari la wagonjwa tunagawana na kata nyingine mbili. Ukiniambia "ondoa vinavyoua" naondoa kwa kitu gani? Ninachoweza kufanya ni kumpa dawa ya kinachowezekana na kumwombea. Hospitali ya wilaya nayo, nikipeleka watatu wakakutwa wazima, wa nne wananipokea kwa maneno.

#9 Mleta uzi

Tabibu, hoja yako nzito na naijibu kwa uzito wake.

Vitu vyako ni macho, mikono, saa, mashine ya presha, glukometa ya kupimia sukari, mRDT, kipimo cha mimba cha mkojo. Hivyo vinaondoa mengi kuliko tunavyovipa sifa. Huwezi kuondoa mshtuko wa moyo bila ECG, kweli kabisa. Basi usiuondoe. Uandike kwenye barua: "sijaweza kuuondoa mshtuko wa moyo". Sentensi hiyo inambana anayepokea, hawezi kumlaza benchi. Ukiandika "vidonda vya tumbo" umemfungia mlango mgonjwa wako kabla hajapanda gari. Kisha aspirini miligramu 300 aitafune, isipokuwa kama ana mzio nayo, anatoka damu, au maumivu yake yanafanana na ile aota niliyoieleza. Na aondoke wa kwanza kuliko mwenye jeraha linaloweza kusubiri asubuhi.

Mjamzito, aliyejifungua karibuni na kichanga, piga 115 ya m-mama, ni bure na inatafuta usafiri.

Kuhusu kupokelewa kwa maneno: rufaa tatu zilizokutwa salama ni gharama halali ya kumpata wa nne. Anayepokea akikusema, akosolewe yeye. Nawaambia hivyo na wenzangu wa huku juu.

#10 Kaka Mkubwa

Mimi nimesoma kimya mpaka hapo kwenye #1 uliposema UTI. Mdogo wangu wa kike alizunguka zahanati mbili binafsi na tumbo la chini. UTI, sindano siku tano. Siku ya nne akaanguka chooni. Tulipomfikisha hospitali walimtoa damu tumboni, mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi. Aliishi kwa sababu mtu mmoja pale mlangoni alimpima mkojo wa mimba. Kipimo kimoja tu, ambacho dukani ni bei ya chini kuliko sindano moja ya zile alizochomwa. Andika kuhusu hili daktari, tafadhali.

#11 Mleta uzi

Pole sana kaka, na namshukuru Mungu yupo.

Kanuni: kila mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, kuzimia au kizunguzungu, anapimwa mimba. Hata akisema haiwezekani. Hata kama ana kijiti au kitanzi. Hata kama ameona siku zake juzi, maana damu ile inaweza isiwe hedhi. Binti wa miaka 16 ambaye mama yake kasimama kitandani hatakujibu kweli, kwa hiyo mwombe mama akalete kadi dirishani, uliza kwa upole, na upime kwa jibu lolote atakalokupa.

Sasa kwa nini UTI inadanganya? Mkojo wenye seli za usaha unaweza kutoka kwa mtu mwenye kidole tumbo, au uvimbe wa nyonga, au kwa kuwa sampuli haikuchukuliwa vizuri tu. Ni taarifa moja kati ya nyingi.

Kuna hesabu ndogo ninayoipenda. Chukua mapigo ya moyo, gawanya kwa ile namba ya juu ya presha. Binti ana presha 100/60, faili linasema "presha nzuri". Mapigo yake 124. Jibu ni 1.24. Kwa mtu mzima likipita 0.9 nastuka, natafuta damu inapovujia. Vijana mishipa yao hukaza, presha inasimama vizuri mpaka dakika ya mwisho, halafu inaanguka yote kwa mkupuo. Wingi wa damu nao mwanzoni unaweza kusoma vizuri kwa sababu kilichobaki kwenye mshipa hakijachanganyika na maji. Akikwambia bega linamuuma akilala chali, na hakuumia bega, fikiria damu imefika chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ultrasaundi ya haraka pale kitandani, na wa upasuaji aitwe kabla ya matokeo mengine yote.

Tumbo la mtoto wa kiume au kijana: mvue nguo. Korodani iliyojinyonga huanza na "tumbo linauma" kwa sababu ana aibu, na nafasi nzuri ya kuiokoa ni ndani ya saa kama 6. Tumbo la mzee lenye maumivu makubwa kuliko unachokishika kwa mkono, fikiria mishipa ya utumbo kuziba. Kidole tumbo chenyewe mnakijua, kinaanzia kitovuni kinahamia kulia chini, ila kwa mjamzito na mzee hakifuati njia hiyo siku zote.

#12 Intern

Dokta, naomba moja. Juzi mzee kaletwa, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, mdomo umepinda, presha 210/110. Wenzangu walitaka nimpe nifedipini chini ya ulimi ishuke haraka. Nilisita. Nilikuwa sahihi?

#13 Mleta uzi

Ulikuwa sahihi kabisa.

Kwanza sukari, kwa sababu sukari iliyoshuka inaweza kuiga kiharusi kila kitu, hadi mdomo kupinda, na inapona kwa glukosi. Pili, uliza "mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi?" Ndugu watakwambia saa waliyomkuta. Aliyeamka asubuhi tayari na kiharusi, saa inahesabiwa tangu alipolala. Hilo linaamua kama dawa ya kuyeyusha damu, inayotolewa ndani ya saa 4.5, inafikirika pale ilipo. Tatu, CT skani, picha ya ubongo, maana kwa macho huwezi kutofautisha damu iliyoganda na iliyovuja, na matibabu yake yanapishana.

Ubongo uliokosa damu unaitegemea presha ile ya juu kusukuma kidogo kinachopita. Kama ni damu iliyoganda na hapewi dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida tunaiacha presha mpaka ipite 220/120, isipokuwa kuna sababu nyingine kama moyo kushindwa. Nifedipini chini ya ulimi inaiangusha bila breki na kupanua eneo linalokufa. Ikiwa ni damu iliyovuja, tunashusha kwa mpangilio, kwa dawa ya mshipa tunayoweza kuipunguza. Na asimezeshwe kitu chochote, hata chai ya ndugu, mpaka kumeza kwake kupimwe.

#14 Mleta uzi

Niyapitie mawili haraka.

Kichwa: kilichofika kilele ndani ya sekunde au dakika chache ni damu kwenye ubongo mpaka CT ikatae. Kichwa cha wiki mbili tatu kwa mwenye VVU, hata kama shingo ni laini, apimwe kriptokokasi, fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo. Kichwa kwa mjamzito aliyepita wiki 20, presha na mkojo kabla ya panadoli, kwa sababu kifafa cha mimba kinakuja hivyo. Aliyejifungua wiki hii pia.

Kukosa pumzi: kijana anayehema kwa kina na kwa kasi, kifua kikisikika safi kabisa, oksijeni nzuri, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Huyo amezungushwa kwenye maombi na kwa waganga, na sukari yake iko juu mno, damu imejaa asidi. Glukometa inamtambua kwa sekunde tano. Mwenye pumu ambaye kifua kilikuwa kinapiga filimbi na sasa kimenyamaza huku amechoka, amezidiwa. Mama aliyejifungua karibuni, miguu imevimba, hawezi kulala chali, moyo wake umeshindwa. Msimpe dawa ya kikohozi.

#15 Mama Wawili

Daktari, sisi ndugu tuje na nini? Tukifika pale tunababaika.

#16 Mleta uzi

Njoo na alichokula na dawa zote alizomeza, za hospitali na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja, na maboksi yake. Kama anatumia ARV useme, hata kwa kuninong'oneza. Usianze kwa kuniambia "ana malaria". Niambie ulichokiona: aliamkaje, alianza kubadilika saa ngapi, nini hawezi kufanya leo ambacho jana aliweza. Na aje mtu aliyekuwa naye nyumbani, siyo yule mwenye gari peke yake.

#17 Intern

La mwisho dokta. Umeondoa vinavyoua, hujapata jina, kitanda hakuna. Unamruhusuje?

#18 Mleta uzi

Kwanza narudia vipimo vya mwili: pumzi, mapigo, presha, joto. Kama kimojawapo kibaya na sijui kwa nini, haondoki, tutamtafutia hata machela. Viko sawa na ametembea mwenyewe mpaka mlangoni na kurudi bila kuhema, naandika kwenye cheti "maumivu ya tumbo, chanzo bado hakijajulikana". Siandiki UTI ili cheti kipendeze. Namweleza yeye na ndugu, kwa Kiswahili na siyo kwa majina ya kitabuni, dalili za kurudi nazo usikuusiku: kutapika kila kitu, kuzimia, maumivu kuhama au kuzidi, homa kupanda, kutoka damu. Wa tumbo namtaka arudi ndani ya saa 12 hadi 24 ashikwe tena, hata akijiona ana nafuu. Namwomba ndugu anirudie nilichosema kwa maneno yake. Namba ya simu naiandika kwenye faili kabla hawajatoka, na anayenipokea zamu namkabidhi jina hilo pamoja na walio vitandani, ampigie asubuhi.